Kitufe cha Kukataa

Juzi nilikuwa steshenari pale Mugumu, mama mmoja wa Nyansurura akaomba atazamiwe matokeo ya binti yake ya kidato cha nne. Kabla hayajaonekana, tangazo likafunika kioo cha kompyuta: tovuti inaomba ruhusa ya kumfuatilia anayesoma.

"Kubali upesi, mwanangu," mama akahimiza. "Watakasirika watunyime."

Dada wa steshenari akacheka. "Mimi hukataa kila siku, mama." Akabonyeza Kataa, matokeo yakafunguka vilevile. Binti amefaulu, daraja la pili.

Mama hakupiga kigelegele.

"Umekataa, na hakuna aliyekugombeza?"

"Nani anigombeze?"

"Huyu binti yangu alikataa mbele ya wazee, ng'ombe wa mahari wakiwa zizini tayari. Alichapwa mpaka akasema ndiyo."

Wajukuu wangu husema matangazo hayo ni usumbufu. Mimi shule niliipitia mlangoni tu, lakini nayaona yana adabu kutuzidi. Sisi tunamuuliza mtoto huku tumeshika fimbo, kisha tunasema ameridhia.

Mama akaikunja karatasi ya matokeo aliyotolewa na yule dada, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Nitampelekea huko huko kwa mumewe," akasema.