Mabati Iko

Katika soko moja la Dar es Salaam, miaka mingi baada ya kuondoka kwetu, nilimwuliza muuza vifaa vya ujenzi, "Mabati iko?" Akacheka kwa upole, kisha akanirekebisha. Niseme yapo kama nayaona mbele yangu, yako kama ni kule nisikokujua, yamo kama yamefungiwa ghalani. Nilimshukuru nikaondoka bila kununua kitu. Nilikuwa namfikiria baba. Kwetu Pajulu, nje kidogo ya Arua, yote matatu yalikuwa na neno moja tu, na neno hilo ndilo lililomvunja.

Baba alikuwa katekista wa kanisa letu dogo la matofali. Padre alikuja mara chache. Jumapili nyingi baba ndiye aliyesimama mbele. Paa lilikuwa limeliwa na kutu, na mbao zake zimeliwa na mchwa. Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi, Wahindi wameshafukuzwa, na madukani Arua hata msumari ulitafutwa kama dawa. Baba akapeleka ujumbe Koboko, mji wa mpakani, kwa haji mmoja Mnubi, mfanyabiashara aliyemwamini tangu ujana wao. Dereva wa lori akarudi na jibu: "Haji anasema mabati iko."

Baba hakuuliza zaidi. Juma lile lile wanaume walipanda juu wakaliangusha paa lote.

Jumapili za kwanza watu walikuja na miavuli na majani ya migomba, wakataniana kwamba sasa sala zinafika haraka. Halafu mvua zikaanza. Viti vyetu vilikuwa vya udongo, vimejengwa palepale sakafuni, na kila ukoo ulijua pake. Vilianza kulainika, kisha kumomonyoka. Mkuu wa akina mama, mjane mzee mwenye ulimi mwepesi, alimkabili baba mlangoni.

"Mwalimu, ile mabati iko?"

"Iko, mama."

"Iko wapi?"

"Iko Koboko."

"Sisi iko Pajulu," akasema, na watu wakacheka. Baba naye alicheka. Wakati ule bado aliweza.

Walimshauri ahamie darasani, shuleni. Alikataa. Alisema tukihama hatutarudi. Badala yake alizunguka nyumba kwa nyumba, akifika hata gulioni Inde kuwatafuta waliopotea, akiwaambia wangoje kidogo, mabati iko. Alilisema kwa wagonjwa. Alilisema kisimani. Kila Jumapili sauti yake ilikuwa thabiti zaidi na watu walikuwa wachache zaidi, maana wengine walikwisha kwenda kusali mjini chini ya paa zima.

Mimi nilikuwa nimeolewa Koboko, katika ndoa iliyokuwa inaelekea kuisha, na nilipata kila sababu ya kupanda malori baina ya miji hiyo miwili. Baba akanituma kwa haji.

Haji alinikaribisha kivulini mwa duka lake, akaagiza chai. Nilipomwuliza habari za mabati yetu, aliweka kikombe chini.

"Yenu?"

"Yale uliyosema iko, Haji."

"Binti yangu, mabati iko. Iko Kongo kwa rafiki yangu, nimeona na macho. Nilingoja baba yako aulize iko wapi, tutapitisha namna gani. Hakuuliza. Sasa askari wamefunga njia. Yeye amebomoa?"

Nikamwambia amebomoa. Akajifuta uso kwa kanzu yake, na chai ile hatukuimaliza.

Nilimkuta baba kanisani amepiga magoti, anakandika udongo mpya kwenye kiti cha ukoo ambao haukuja tena. Nilimweleza yote.

"Haji hakudanganya," nikasema.

"Najua. Ni mimi niliyedanganya, na sikujua."

Jumapili alisimama mbele akasema, "Mabati haiko."

Mzee mmoja alijikunja kama aliyepata baridi, akainuka, na watu wa nyumba yake wakamfuata nje. Wengine wakainuka nao. Hakuna aliyetukana. Baba aliwatazama mpaka mgongo wa mwisho. Mkuu wa akina mama hakuondoka.

"Mwalimu," akasema, "majani iko."

Baba akamwuliza, kwa mara ya kwanza, "Iko wapi?"

"Nyuma ya nyumba yangu. Kwenda angalia."

Na baba akaenda. Alitoka katikati ya ibada na kanzu yake nyeupe, sisi tuliobaki tukimfuata kwenye tope, akafika akayashika yale majani ya kuezekea kwa mikono yake. Yalitosha kufunika upande wa altare tu. Ulitutosha. Hatukuwa wengi tena.

Tangu siku ile sikumsikia baba akisema iko. Ukimwuliza kama chumvi iko, aliinuka akafunua chungu. Aliishiwa nguvu upesi, kama mtu aliyevuliwa kitu cha ndani. Mchana mmoja, amelala hawezi tena kuketi, yule mjane alikuja kumtazama.

"Mwalimu," akamtania, "ile mbinguni unatufundisha, iko?"

Baba aliangalia dari.

"Niliambiwa iko," akasema.

Mama yule akamvuta blanketi kifuani. "Basi ukifika uangalie mwenyewe. Usitume dereva."

Baba alicheka, na kikohozi kikakichukua kicheko chake.

Tulimzika kando ya ukuta, upande usio na paa. Vita vilipofika mwaka wa sabini na tisa tulivuka kuingia Kongo, na mjane yule alifia huko huko, mbali na majani yake. Mimi nimeendelea kuhama, mji hadi mji. Watu wa kwetu ninaokutana nao njiani huniuliza kama lile kanisa bado iko. Najibu kwamba sijui, sijaenda kuangalia.