Pembetatu Isiyo na Kona

Kila asubuhi, kabla ya chai, Alamelu huchuchumaa mlangoni pake na kuchora kolamu, pambo la baraka la kizingitini, kwa unga wa mchele. Haoni tangu utotoni. Hupima nafasi ya kila nukta kwa vidole viwili, kisha huzungusha mistari, na jirani atakayeikanyaga atayasikia ya kuyasikia.

Ana ulimi mkali, na mji mzima wa Madurai unajua. Siku ulipoletwa ubao wa kusomea michoro kwa vidole katika shule ya wasichana wasioona anakofundisha hesabu, ulimi huo uliwaka moto.

Ubao ulikuwa na pini ndogo zilizochomoza kuunda umbo, kisha zikatetemeka. Mwalimu Mkuu, Bwana Sethuraman, alimwita mwanafunzi Kuyili mbele.

"Umbo gani hili?"

"Duara, Bwana."

"Pembetatu! Nilisema mimi, jiometri si ya wasioona. Kwenye mtihani ataruka michoro, kama wenzake wote."

Akiiruka, hatapata alama za kusoma hesabu darasa la kumi na moja; atazisikilizia nje dirishani. Alamelu alipandwa na hasira, akamgeukia mtoto.

"We Kuyili, umelala? Bonyeza!"

"Nimebonyeza, Mwalimu. Vidole vimejaa nyuki."

Alamelu akaweka kidole chake. Umbo alilipata lilipo mara moja, lakini mngurumo ulimpanda hadi kiwikoni, na kona zilikuwa zimeyeyuka kama sukari guru kwenye maziwa ya moto. Alipobonyeza zaidi, kidole kikafa ganzi kabisa. Amemkaripia mtoto wa watu bure! Hasira ikawa mara mbili.

"Bwana Sethuraman, wewe umeujaribu?"

"Mimi nina macho, Mwalimu."

"Basi kaa nayo kimya."

Wasichana wakaziba midomo wasicheke. Yazhini, mhandisi kijana aliyeuleta ubao kutoka Chennai, akasema taratibu, "Lakini Dada, mtetemo unawasaidia kulipata umbo lilipo ubaoni. Tulipima."

"Kulipata tumelipata. Kulijua, bado."

"Mtoto amepewa nafasi, ameshindwa," Mwalimu Mkuu akakata. "Yamekwisha."

Alamelu akapiga meza hadi pini zikalia.

"Hajashindwa! Tikiseni gazeti lenu mbele ya macho yenu, halafu msome, tuwaone! Mtoto huyu anakokotoa kwa kichwa upesi kuliko darasa zima, mnamfungia mlango kwa sababu ya mashine inayotetemeka kama mgonjwa wa homa!"

Yazhini akausogelea ubao.

"Sasa tufanye nini, Dada?"

"Zima mtetemo, pini zibaki zimesimama tuli, umuulize tena. Na Bwana Mkuu asitoke, asikie mwenyewe."