Nani Alipokea Simu

Mtaa mzima ulikuwa unawalilia matajiri. Televisheni ilikuwa ikionyesha, kila Jumamosi, habari za wenye nazo waliojifungia kwenye jumba la kiongozi wa dhehebu lao, waliyemwita Mwalimu, na kumwachia kila kitu. Aliyewaliza watu zaidi ni bibi mmoja wa shingo ndefu, aliyesimulia jinsi alivyolala sakafuni kwenye mkeka.

"Masikini, kateseka mwenzetu!" alisema mkwe wa Mama Pasi, macho mekundu.

Mama Pasi hakuinua uso kwenye shati alilokuwa akinyoosha. Jina hilo alilipata jumbani humo humo, akinyoosha kanzu nyeupe za hao hao walioteseka.

"Mkeka wenyewe nilimtandikia mimi," alisema. "Mimi nililala wapi, mbona hamuulizi?"

Kule jumbani kulikuwa na Mwezi wa Ukimya. Matajiri walinyamaza kwa kupenda, watumishi kwa kuamriwa. Habari ya nje haikuruhusiwa kuingia, na simu alikaa nayo bibi wa shingo ndefu. Mwezi huo mama yake Mama Pasi aliugua, akawa anamwita binti yake. Kaka mtu akapiga simu, akapiga tena. Kila mara sauti ya kike ilimjibu, "Tumesikia," ikakata. Na kila asubuhi bibi alipita chumba cha pasi akitabasamu. Ukimya ulipokwisha, mama alikuwa ameshazikwa. Jambo hilo Mama Pasi hajalisamehe, na wala hajifanyi kwamba amelisamehe.

Sasa watu wa filamu hizo za Jumamosi wakamtafuta. Walitaka yeye na bibi wakumbatiane mbele ya kamera, wahanga wawili. Mkwe akamsihi aende, ataonekana dunia nzima. Alikwenda, ila si kwa ajili ya kuonekana. Alitaka kusikia neno moja kutoka kinywani mwa mtu mmoja.

Taa zikawashwa. Bibi akafungua mikono, machozi tayari yako njiani. "Dada yangu, sote tuliumizwa."

Mama Pasi akaweka mikono nyuma. "Waambie kwanza. Simu ya kaka yangu alipokea nani?"

"Tulikuwa tumefungwa akili, dada..."

"Akili sawa. Na masikio nayo yalifungwa?"

Bibi akamtazama mwongozaji, mwongozaji akatazama viatu vyake.

"Mimi," bibi alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, machozi yamekauka. "Nilipokea mimi. Nilijua ni mama yako."

Mwongozaji akakohoa. "Sauti haijaingia vizuri, mama. Turudie, safari hii mkumbatiane, na machozi kidogo."

"Nyinyi ndio haijawaingia," Mama Pasi alisema, akichukua mkoba wake. "Mimi nimesikia."

Nyumbani mkwe alimpokea mlangoni, hamu imemjaa. "Enhe, mama, mlikumbatiana?"

"Washa pasi, mwanangu. Mashati ya watu yananingoja."