Mfereji wa Kibokoni Uliouma Watu

Siku niliyoanza kazi, Fundi Mkuu alinikabidhi nyundo na vigingi vya shaba, tukaenda Kibokoni. Skuli niliiacha darasa la nne, lakini miaka ya tisini ilipoisha kisiwani kwetu kote hakuna aliyenishinda kusaka umeme mtoro. Vijana wajao dukani kwangu Bondeni mimi huwaeleza: huo ni umeme uliotoka kwenye waya wake ukapita udongoni au kwenye paipu. Ng'ambo, alisema Fundi Mkuu, hutoroka kwenye reli za treni za umeme. Treni zetu zilikuwa za dizeli. Sisi tuliusaka majumbani.

Nyumba tuliyoitwa ilikuwa ya Bi Zuhura, mjane. Mfereji wake wa uani, bomba la chuma la maji, ulikuwa ukiuma watu. Wanawe walisema pana jini, wakataka kumhamishia Likoni.

"Mimi sitoki," alituambia. "Si jini huyo. Ni marehemu mume wangu. Hapo ndipo alipokuwa akitawadha."

Fundi Mkuu akaushika mfereji. "Mbona haniumi, Bi?"

"Waingia na mabuti, akusalimu kwa lipi?"

Fundi Mkuu akanigeukia. "Haya, mjuzi wa kila kitu, vua wewe."

Nikavua, nikasimama kwenye sakafu yenye maji, nikaushika mfereji. Mkono ukanikakamaa hadi begani.

Nikazima swichi kuu ya nyumba, nikapigilia kigingi udongoni: waya mmoja wa mita ya kupimia umeme kigingini, wa pili mferejini. Mshale ukapanda. Nyumba imezimwa, na mshale wapanda! Mara ukaanguka wenyewe, ukatulia. Kisha ukapanda tena.

"Hupumzika," Bi Zuhura akanong'ona. "Kisha hurudi."

Tukaifuata paipu nyumba hadi nyumba, mshale ukizidi, mpaka kwa muuza barafu. Friza lake lilikuwa likivuja umeme, na waya wa kuushusha ardhini ulikuwa umefungwa kwenye paipu ya maji ya mtaa. Friza likinguruma, mfereji wauma. Likinyamaza, nao wanyamaza. Tukalizima, waya tukaupa kigingi chake.

Nilirudi kifua mbele. "Bi, nyumba sasa salama. Hakuna wa kukutoa."

Akavua kandambili, akaushika mfereji kwa mikono miwili, akangoja. Maji yakatiririka tu.

"Umempeleka wapi?" akaniuliza.

Nimestaafu na sifa zangu, wala sioni haya kuzitaja. Umeme wowote niliousaka nilijua umetoka wapi na umekwenda wapi. Siku ile nilisimama uani na mita mkononi, nikavua viatu tena, nikaushika mfereji. Wiki haikwisha, Bi Zuhura akafunga nyumba mwenyewe, akavuka feri kwenda Likoni.