Goti la Mama Muujiza

Jina lake la kuzaliwa lilikufa siku aliposimama kanisani bila mkongojo. Tangu hapo, sokoni na hata kwa muuza mkaa, akawa Mama Muujiza.

Alikuwa fundi cherehani, mjane, na chumba chake cha kazi kilipakana na choo cha mwenye nyumba. Goti lake lilikuwa limekakamaa kwa miaka. Mchungaji akaliwekea mikono, likanyooka, akatembea mpaka madhabahuni watu wakilia. Hakudanganya mtu. Siku ile alipona kweli, na hilo ndilo lililomtesa maumivu yaliporudi.

Yalirudi kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi, kisha yakahamia kabisa. Kukanyaga cherehani kukawa adhabu. Mkongojo ulikuwa umetundikwa kanisani karibu na mimbari, naye kila Jumapili akiutazama kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Hospitali aliiogopa, kwani muuguzi alikuwa mwanakwaya. Na kila walipokuja wageni, mchungaji alimwita mbele.

"Mama Muujiza, hebu waonyeshe."

Naye alitembea, tabasamu usoni, meno yamebanana.

Asubuhi moja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuja kuchukua gauni. Alimkuta anakanyaga kwa mguu mmoja, jasho likimtiririka.

"Wifi, sogea nikanyage mimi. Wewe shika kitambaa."

"Umejua lini?"

"Tangu ulipohamia benchi la mlangoni kule kanisani. Mimi ni mbea, wifi, si kipofu."

Mama Muujiza akajiinamia, machozi yakalowesha shati la mteja. "Nikisema, watasema Mungu ni mwongo."

"Nani kakuajiri uwe wakili wake? Ulipona, sasa unaumwa. Lazaro alifufuliwa, kwani hakufa tena?"

Wakashona mpaka mchana, mmoja mikono, mwingine miguu. Kesho yake wifi akaja tena bila kuitwa, na siku zilizofuata pia. Akikanyaga, anasengenya mtaa mzima. Mama Muujiza alikuwa amemlilia Mungu ampe goti jipya. Sasa alikaa akiwaza kama jibu linaweza kuja lina domo namna hii.

Jumapili wageni walikuja. Mchungaji akaita. Safari hii hakuinuka.

"Leo siwezi, baba mchungaji. Goti linauma."

Kwaya ikaanzishwa haraka, kama mtu anayefunika sufuria. Walipotoka, wengine walimpita bila salamu. Mama mmoja alisema imani yake imevuja. Wiki hiyo mteja wa sare za kwaya akapeleka vitambaa kwa fundi mwingine.

Siku hiyo Mama Muujiza alijifungia chumbani, akaomba kwa sauti ndogo, bila kujua aombe nini. Hakujuta, wala hakujiona huru. Kesho yake wifi akamgongea mlango, amevaa viatu vya safari.

"Twende hospitali. Huyo muuguzi akifungua mdomo, niachie mimi."

Wakaenda polepole, Mama Muujiza akiegemea bega lake, mtaa mzima ukiwatazama.