Fisi Aliyekatazwa Kusema

Shule mimi niliisikia kengele tu. Ilikuwa inalia ng'ambo ya mto, na mimi niko ng'ambo hii nafukuza ndege kwa mtama ya mama yangu, huko kwetu upande wa ziwa. Lakini hadithi nilinyonya pamoja na maziwa. Siku nilikuja huku Kericho kuchuna chai, nilishuka kwa gari na sufuria moja, blanketi moja, na hadithi za kujaza lori mbili na trela.

Sasa nimechuna chai mpaka vidole vyangu vinachuna vyenyewe nikilala. Mzee wangu aliniacha kitambo akaenda kwa Mungu, Mungu amvumilie. Kwa kambi watoto wote wananiita dani, nyanya kwa lugha yetu. Wakipsigis wananiita dani, Wakisii wananiita dani, hata mbuzi ya jirani ikiniona inalia kama inataka kusema dani.

Mchezo ulianza Jumapili moja. Watu wametoka kanisa, watoto hawana kazi, wanatupa mawe kwa tangi ya maji. Nikawaita. Nikawaambia, "Nyinyi mikono zinawasha? Kujeni niwape wanyama." Nikachukua kikapu yangu ya chai nikaifunika juu ya mtoto mmoja. Yeye huyo, Kobe! Aproni ya plastiki tukatandaza chini, ikawa mto. Gunia ya unga tukakata masikio ya Sungura, marefu, mtu wa Londiani angeyaona akisimama kwa mlango yake.

Hadithi yenyewe ni hii. Kulikuwa na njaa, wanyama wakakubaliana kulima pamoja. Fisi akapewa kazi ya kukagua vikapu jioni, asipite mtu na chakula mbaya. Kila kikapu Fisi anatia mkono mpaka kwapa, anatoa ile nzuri, anasema, "Hii imeharibika," anaitupa kwa mdomo yake. Wanyama wanalala njaa, Fisi anaota kitambi. Basi Sungura akaficha Kobe ndani ya kikapu. Fisi akatia mkono, Kobe akauma, akakataa kuachilia. Fisi akakimbia nchi nzima na kikapu kwa mkono, akijifanya ni bangili.

Watoto walikuwa wanacheka mpaka wengine tunawabeba kuwapeleka nyumbani.

Sasa kama hujawahi kuchuna chai, wacha nikwambie kitu. Sisi tunachuna majani mawili na chipukizi, basi. Ukichanganya jani gumu ndio upate uzito haraka, nyapara atajua, kwa sababu anapita na kutia mkono ndani ya kikapu mpaka chini kabisa. Kila nyapara ako na mtindo yake. Huyu wetu kwanza anakunja mkono wa shati, pole pole. Anakohoa. Anaangalia mbinguni kama mtu anaomba chakula. Halafu anatia mkono huku amefunga macho, midomo imetoka mbele kama ya mtu anapuliza uji.

Mimi sikumlenga. Fisi wa hadithi alikuwa anatia mkono kabla nyapara hajazaliwa, kabla chai yenyewe haijazaliwa. Lakini msichana aliyekuwa Fisi, mtoto wa jirani yangu Mkisii, alikuwa ameona nyapara akikagua kikapu ya mamake tangu akiwa amebebwa mgongoni. Akikunja mkono wa shati, akikohoa, akiangalia mbinguni, we! Na sauti alikuwa nayo. King'ora ya kiwanda ikilia na yeye akiongea, watu wanaenda kazi wakifuata yeye.

Maneno yakafika. Tuko kwa chai asubuhi, umande bado, nyapara akaja akasimama kwa mstari wangu.

"Mama, nasikia kuna mchezo."

"Iko, mzee. Jumamosi kwa holi ya kambi, wazazi wote wanakuja. Hata msichana wako ndiye Sungura, si unajua? Mama yake ameshona masikio mara ya pili, ya kwanza ng'ombe ilikula."

"Sungura sina shida na yeye. Ni huyo Fisi. Nasikia anakunja shati kama mimi."

"Sasa mzee, Fisi atie mkono na shati ndefu? Si italowa?"

Wamama wakainama ndani ya chai, migongo inatingika. Mmoja akajifanya anakohoa, akakohoa mpaka wimbo.

"Usinichezee," nyapara akasema. "Funguo ya holi iko na mimi. Hiyo mchezo hakuna."

"Basi tutacheza kwa barabara."

"Barabara ni ya kampuni."

"Tutapanda juu ya miti. Miti pia utafunga na funguo?"

Hapo mikono ya wamama ikasimama. Hakuna mtu alisema tugome, aka, mikono ilisimama tu, kama imechoka pamoja. Na ilikuwa msimu, chai inamea mpaka unasikia. Nyapara akaangalia mstari wote. Nafikiri pia kwa kichwa yake aliona msichana wake akilia na masikio ya gunia, na mama wa huyo msichana akipika ugali bila mboga.

Akapapasa mfuko ya funguo. "Sawa. Chezeni. Lakini Fisi asiseme neno. Hata moja! Nikisikia sauti yake tu, nafunga holi na nyinyi ndani."

Jioni nilimwambia yule msichana wa Fisi. Akakaa chini kwa mlango yangu akalia. Machozi yalijaa beseni, nikafulia nguo.

"Dani, basi mpe mtu mwingine. Fisi bila kusema ni mbwa tu."

Mimi hasira ilinishika, ile inaanzia kwa kisigino. Mtoto ako na kipaji kama hiki, mtu anakifungia na funguo ya holi? Nikamwambia, "Inuka. Amefunga mdomo, hajafunga magoti. Amefunga mabega? Hata kope za macho hajafunga. Utasema yote, na hatasikia hata moja."

Wiki hiyo tulifanya kazi. Nilimkataza kuongea akiwa mbele ya nyumba yangu. Akitaka maji, aombe na tumbo. Akitaka kwenda nyumbani, aage na shingo. Nilimwambia, "Niambie wewe ni mwizi, lakini mwizi ya heshima." Akatembea hatua chache tu, nikashika mfuko yangu. Mpaka Ijumaa nyusi zake zilikuwa zinaweza kusalimia mtu ako Silibwet na huyo mtu aitikie.

Mamake alikuja kunilalamikia. "Dada, mtoto hata kwa nyumba haongei. Jana ameomba chumvi na bega."

"Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Basi ameongea."

Jumamosi holi ilijaa mpaka watu wengine walikuwa wanapumua kwa zamu. Nyapara amekaa mbele kabisa, funguo kwa mkono, anaizungusha kidole. Bibi yake kando, na mafuta mpya kwa nywele. Sungura akaingia, masikio yamesimama vizuri, akasema salamu kwa sauti tamu. Akaanza, "Hapo kale kulikuwa na njaa—"

Basi mbingu ikapasuka.

Wewe unajua mvua ya mawe ya huku. Hii ilikuwa ya kwake peke yake. Mawe kama mayai ya bata, na haki ya Mungu niliona moja iko na kiini. Na holi ni mabati tupu. Kelele ilikuwa kama mtu anamwaga lori ya misumari juu ya kichwa yako. Sungura anafungua mdomo, anafunga, hakuna kitu. Kobe anapiga kelele ndani ya kikapu, ni bure. Watu wakaanza kuangalia dirisha, wakifikiria chai inavyochanika huko nje. Wanaume wakaanza kuinuka. Nikaona mchezo wetu unakufa, na hakuna mtu ameuua, ni mawe tu.

Nikamsukuma Fisi na goti. Enda!

Akaingia pole pole. Akasimama katikati. Akakunja mkono wa shati.

Watu waliokuwa wameinuka wakakaa.

Akakohoa bila sauti, kifua tu. Akaangalia mbinguni, na mbinguni kulikuwa na kelele ya ajabu, akaipungia mkono kama anaiambia, subiri, nitakagua wewe baadaye. Akatia mkono kwa kikapu, amefunga macho, midomo mbele. Halafu Kobe akauma.

Siwezi kukueleza. Alikimbia na hiyo kikapu kwa mkono, anasalimia watu na ule mkono mwingine, anatabasamu kama hakuna kitu, magoti yanalia, mabega yanaomba msaada, uso unasema mimi ni mkubwa hapa. Vicheko vilishinda mawe. Mzee mmoja meno yake ya kununua yalitoka yakaanguka kwa kofia ya jirani. Bibi ya nyapara alilala kwa bega ya mwanamke hajui jina lake, akipiga mguu chini. Nyapara alikuwa ameshika funguo juu, amengoja asikie neno moja afunge. Neno halikukuja.

Mvua ilipoacha, watu wakatoka kuangalia chai yao huku bado wanacheka, na hiyo chai ilikuwa matambara. Nyapara akanifuata kwa mlango. Shingo imeingia ndani ya koti.

"Mama. Siku ingine mkicheza, huyo Fisi aongee."

"Kwani? Si ulisema asiseme?"

"Nilisema. Sasa nasema aongee." Akaangalia nyuma, akashusha sauti. "Akiongea watu wanasikia mtoto. Akinyamaza wananiona mimi."

"Mzee, mimi si mdomo yake. Ulimfunga wewe, enda umfungue wewe."

Akaenda kweli. Fisi alikuwa amekaa juu ya kikapu anakula mandazi, Kobe bado ako ndani anadai yake. Nyapara akainama, mtu mzima, mtu wa kushika funguo, akamuuliza kwa upole, "Msichana wangu, ile siku ingine utaongea?"

Msichana akatafuna akamaliza. Akafuta mdomo. Akapandisha bega ya kushoto, akangoja kidogo, akapandisha ya kulia.

Nyapara akanigeukia. "Amesema nini?"

"Amesema atafikiria," nikamwambia, nikabeba kikapu yangu na Kobe ndani yake, nikaenda zangu.