Nani Alimfunga Vifungo Mrushaji?

Shule ninakofundisha iko upande wa Maretadu, juu ya kilima chenye upepo usioomba ruhusa kwa mtu. Kwa miaka mingi tuliomba vitabu vya fizikia. Tuliandika barua kwa heshima zote, tukaeleza kwamba wanafunzi sita wanagombania kitabu kimoja, na kitabu chenyewe siku hizi kinaanzia ukurasa wa kumi na tisa. Maombi yetu yakawafikia watu wema wa ng'ambo. Sanduku likashushwa kwenye basi pale Dongobesh, likapakiwa kwenye trekta, likafika shuleni likiwa zito kweli kweli, na mkuu wa shule akaagiza wanafunzi waimbe kabla hata halijafunguliwa.

Lilipofunguliwa, wimbo ukafia kwenye ubeti wa pili. Vilikuwa vitabu arobaini, vipya, vinanukia wino, na vyote ni kitabu kimoja: maswali na majibu kuhusu warushaji mashuhuri katika historia ya besiboli. Mkuu wa shule alikigeuza kimoja mbele na nyuma, labda fizikia imejificha kwenye jalada. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza, na chochote kisichoeleweka shuleni petu huitwa Kiingereza.

"Mwalimu, hili lako," akasema. "Wageni wenyewe watakuja mwisho wa muhula kuona kama tunavisoma. Watoto wawe wamevimeza."

Nilijaribu kusema kwamba kuanzia Mbulu mjini mpaka Katesh hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuuona mchezo huo. Akaniuliza kama nataka wageni wafikirie hatuna shukrani. Sisi tumelelewa hivyo. Mgeni akikuletea kanzu ya harusi wakati wewe unataka jembe, utaivaa hiyo kanzu ukalimie, na utamwambia inakubana vizuri.

Basi nikaingia darasani, kidato cha pili, nikafundisha besiboli. Nilijifunza kwanza mwenyewe kwenye simu, nikiwa nimesimama kwenye jiwe nyuma ya ofisi ambapo mtandao hushika. Nilichoelewa ni kwamba mtu mmoja anarusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote, na mwingine anasimama na gongo akijaribu kuupiga. Akikosa mara tatu anakwenda kukaa. Watu maelfu wanalipa kiingilio kutazama mtu akikosa. Wasichana, ambao kila mapumziko hurushiana mpira na kukwepa, wakaelewa mara moja, wakasema, "Ah, Madam, ni rede, ila anayerushiwa amepewa fimbo." Ningekuwa mimi ndiye niliyeandika kile kitabu, ningeanzia hapo.

Mambo yaliyokuwa humo ndani, we acha tu. Kulikuwa na mrushaji aliyerusha mpira kwa kasi hata ukamkuta ndege aliyekuwa akikatiza uwanja, akabaki manyoya matupu. Kulikuwa na warushaji waliokuwa wakiutemea mpira mate ili uyumbe hewani, mpaka wakubwa wa mchezo wakapiga marufuku, ila wale wazee waliozoea wakaachwa waendelee kutema mpaka wastaafu. Kulikuwa na aliyezaliwa bila kiganja kimoja, akarusha mpaka ngazi ya juu kabisa. Na kulikuwa na mmoja wa zamani ambaye utotoni mashine ya shambani, ya kukatakata malisho, ilimla kidole cha shahada na kuharibu vingine. Watu walidhani amekwisha. Kumbe kwa mkono ule mbovu mpira ulitoka ukipinda kwa namna ambayo mtu mwenye vidole kamili hawezi, na akawa mmoja wa wakali wa zama zake.

Nilipofika ukurasa huo nilifunga kitabu, nikawaambia wanafunzi waandike insha yoyote wanayotaka. Nikatoka nje.

Hapa inabidi nimweleze baba yangu, ingawa sipendi. Baba ni mkulima wa mahindi na maharage, mwanamume wa maneno machache na yote yana miiba. Msimu wa mavuno uliopita mashine ya kupukuchua mahindi ilifika nyumbani ikivutwa na trekta kutoka Basotu. Mashine hizo huzunguka boma kwa boma, na mwenye mashine hana subira. Ukichelewa anafunga mnyororo wake anahamia kwa jirani, wewe unabaki na fimbo na gunia, unapiga mahindi kama babu yako. Mimi nilikuwa likizo, na mwalimu akiwa likizo hujiona bwana shamba. Nilisimama pale natoa amri. Magunzi yakakwama mdomoni mwa mashine. Baba akasita, akataka tuzime injini kwanza. Mimi nikasema, "Sukuma tu baba, jamaa anaondoka."

Baba akasukuma.

Vilikwenda vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Mahindi tulimaliza kupukuchua, kama kuna anayetaka kujua. Mashine haikuharibika hata kidogo.

Tangu siku hiyo baba alivaa koti lake la kanisani jua na mvua, na mkono wa kulia ukahamia mfukoni. Kwetu huwezi kumsalimia mtu kwa mkono wa kushoto, hata ukiwa umekatwa wa kulia, ni afadhali usisalimie. Kwa hiyo aliacha kupeana mkono na watu. Wasiojua wakasema mzee amekuwa na kiburi. Wanaojua wakaanza kumwonea huruma, na hiyo ilimuudhi zaidi. Akaacha kwenda kanisani, akaacha kwenda kwenye vikao vya wazazi shuleni petu. Mimi nikifika nyumbani namwamkia, "Shikamoo baba," naye anaitikia, "Marahaba," akitazama ng'ombe. Zamani alikuwa akinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Sasa nilikuwa naamkia koti.

Sikuwahi kumwomba msamaha. Niseme ukweli, niliogopa. Niliamini amenikasirikia, na nilitaka kitu kimoja tu, autoe ule mkono mfukoni anisalimie nao. Kwa akili zangu za chuo nikaona nimepata dawa: yule mrushaji wa vidole vitatu. Nitampelekea baba ile habari, atasoma kwamba mtu wa mashine ya shambani aliibuka shujaa, atapona moyo, nami nitakuwa nimesamehewa bila kutamka neno. Kitabu cha bure na msamaha wa bure. Nilijiona nina akili sana.

Ila sikumpelekea moja kwa moja, kwa sababu baba ana pua. Nilianza kwa mbali. Kila Jumamosi mchana nilikaa naye kwenye ubao karibu na zizi, nikamtafsiria kurasa mbili tatu, eti najiandaa na masomo. Alijifanya hasikilizi.

Nilipomsomea habari ya ndege, aligeuza shingo kidogo. Kisha akauliza, "Walimla?"

"Kitabu hakisemi, baba."

"Basi huyo aliyeandika hakuwepo."

Habari ya mate ndiyo iliyomchangamsha. "Yaani wao mtu akitema mate wanampiga marufuku," akasema. "Huku mzee akikutemea mate kidogo ni baraka, unaondoka unashukuru. Kweli dunia ina watu." Mama alicheka kutoka jikoni. Nilihesabu kicheko hicho kama ushindi, nikaendelea wiki nyingi hivyo hivyo, nikiuzungukia ule ukurasa kama bwana mifugo anayeficha sindano nyuma ya mgongo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya wageni, nikausoma. Niliusoma kwa sauti ya kawaida mno, ile sauti ambayo mtu yeyote angejua ina jambo. Nikasoma mashine, nikasoma vidole, nikasoma mpira uliopinda na sifa zote alizopewa. Nikamaliza. Baba alikuwa anatazama mkia wa ndama.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Alikuwa anavaa shati la vifungo?"

Nikasema kwenye picha wanaonekana na mashati ya vifungo, ndiyo.

"Sasa Mwalimu, kitabu chako kinajua mpira ulipinda vipi. Kinasema asubuhi nani alimfunga vifungo?"

Akainuka akaenda kuwanywesha ng'ombe maji kwa mkono wa kushoto. Nilibaki na kitabu mapajani. Ndipo nikamkumbuka mama, jinsi kila asubuhi wanavyochelewa kutoka chumbani, na jinsi koti lile lilivyokuwa limefungwa vizuri siku zote, kifungo kwa kifungo, kwa mkono wa mtu mwingine. Mwaka mzima nilikuwa nikitazama mfuko. Sikuwahi kufikiria vifungo. Niliondoka bila kunywa chai, nikiona kwamba nimemtonesha kidonda halafu nikamwita shujaa.

Wageni wakaja Jumatano, watatu, wapole, wamepakwa mafuta ya jua mpaka shingoni. Wazazi walikuwa wameitwa, wamejaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Wanafunzi wangu wakasimama mmoja mmoja, wakatapika walichomeza. Nani alirusha kwa mkono wa kushoto, nani alimpiga ndege, kwa nini mate yalikatazwa. Kiingereza chao kilikuwa safi, nami nilijivuna ingawa nilijua tunajivunia nini. Wageni walitabasamu, wakapiga makofi, wakatazamana. Baadaye mmoja wao akaninong'oneza kwa aibu kwamba kwao mchezo huu hauchezwi, wao ni mpira wa miguu tu, na vile vitabu walivikuta vimebaki kwenye ghala. Yaani kwenye ule mkutano wote, walioijua besiboli walikuwa watoto wa kidato cha pili wa Maretadu.

Mkuu wa shule, kwa furaha iliyompita kimo, akauliza kama kuna mzazi mwenye neno. Kwenye benchi la nyuma akasimama baba.

Sikuwa nimemwona akiingia. Alikuwa amevaa lile koti, mkono mfukoni, na koti lilikuwa limefungwa upande. Kifungo cha kwanza kilikuwa kwenye tundu la pili, cha pili kwenye la tatu, bega moja limepanda, chini kumebaki ncha inaning'inia. Watu walianza kunong'ona. Mama, pembeni yake, alikuwa anatazama mbele kama mtu asiyemjua.

"Nina swali kwa wageni," akasema. "Mwalimu atatafsiri. Yule mrushaji wa vidole vitatu, asubuhi nani alimfunga vifungo?"

Mkuu wa shule akafumba macho. Mimi nikatafsiri. Katikati nikajitia kukohoa. Wageni wakachukua kitabu, wakafunua, wakaulizana, na mwishowe wakasema kwamba wanasikitika, hawajui.

"Basi waambie waandike," baba akasema. "Mwanzo alifungwa na mke wake. Halafu akajifunga mwenyewe. Upande." Akakaa.

Wazazi wakacheka, kicheko kile cha watu waliokuwa wakisubiri ruhusa mwaka mzima. Nilitafsiri neno kwa neno. Mgeni mmoja aliandika kweli, kwenye daftari dogo, maskini.

Walipokwenda kunywa chai nilimfuata baba kwenye ukuta wa maabara yetu, ambayo ni maabara kwa sababu tumeandika hivyo mlangoni. Nikasimama mbele yake kama mwanafunzi mchelewaji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Safari hii hakutazama ng'ombe, na kweli hawakuwepo. "Uliondoka bila chai Jumamosi."

"Baba, mimi ndiye niliyesema sukuma."

"Najua, Mwalimu. Nilikuwepo."

Machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia wala sikutaka. Akanisubiri. Baba hajui kubembeleza mtu, hajawahi kujua.

"Unadhani naficha mkono kwa hasira," akasema. "Hospitali, ulipouona mara ya kwanza, ulikonda mbele yangu pale pale. Kila ukiuona unakuwa mtu aliyefiwa. Nikasema basi, mtoto asiuone. Watu wengine waseme watakavyo, sikuwa na shida nao. Niliuficha kwa ajili yako."

Akautoa mfukoni. Ngozi ya pale vidole vilipokuwa ilikuwa nyororo, inang'aa kidogo, na vile vitatu vilivyobaki vilikuwa na udongo kwenye kucha kama siku zote. Nikaupokea kwa mikono yangu miwili. Alinibana kwa nguvu, ananipima kama nitakonda. Nilijikaza nikautazama mpaka nikauzoea.

Kisha, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaanza kufungua vifungo vya koti lake ili nivipange sawa. Akanichapa kidogo kwenye vidole.

"Acha," akasema. "Nimevifunga mwenyewe."